Naagwa na Siendi Popote

Jumatatu, 3 Novemba

Tangazo limebandikwa mlangoni kwa sekretari wa kitivo. Sherehe ya kupongezana na kuagana, Ijumaa ya wiki ijayo, ukumbi mkubwa. Nikasoma majina ya wanaopongezwa nimebana pumzi. Profesa Ngao, kwa mbegu yake mpya ya mahindi. Profesa Ngao tena, kwa kitabu. Mpishi wa kantini, kwa usafi. Mlinzi wa lango la nyuma, kwa kumkamata mwizi wa mbuzi wa majaribio. Mimi, patupu.

Miaka kumi na minane nafundisha elimu ya udongo katika chuo hiki na sijapigiwa makofi hata mara moja. Siku niliyoanguka jukwaani ndipo waliponitambua, na walicheka tu. Wakati mwingine najiuliza: nikitoweka kesho, nani atajua? Labda mfagizi, maana ofisi yangu itakuwa safi.

Profesa Ngao ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Jina hilo nimempa mimi, kwa ajili ya ngao za tuzo alizojaza ofisini mwake mpaka nyuma ya mlango. Akigongelea mpya, mitungi yangu ya udongo inatetemeka rafuni. Leo kaniuliza kwa bashasha kama nitahudhuria. Nikamjibu nitaangalia ratiba. Ratiba yenyewe haina kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya utafiti. Anayepongezwa hupata cheti, mkono wa Mkuu wa Kitivo, basi, akakae. Anayeagwa je? Keki. Zawadi. Watu kumsifu mpaka wanalia. Na juu ya yote, mhadhara wa mwisho! Ni desturi yetu: mhadhiri anayeondoka hufundisha mara ya mwisho, na kitivo kizima huja kumsikiliza, maprofesa kwa wafagizi. Ukumbi hujaa mpaka watu hukaa madirishani. Darasani kwangu madirishani hukaa njiwa.

Nikapita kwa sekretari. Tunamwita Redio, na wala hakasiriki. Alikuwa ameshika tama. Akalalamika kwamba mwaka huu hakuna anayestaafu, hakuna anayehama, na keki imeshaagizwa. Sherehe ya kuaga bila wa kuagwa, ameiona wapi?

Nikashusha pumzi ndefu. Nikatazama nje. Nikasema, kila safari ina mwisho.

Ni hilo tu nililosema. Si uongo. Kweli kila safari ina mwisho.

Jumatano, 5 Novemba

Redio imefika masafa yote. Mlinzi kanivulia kofia. Mpishi kaniwekea mnofu ambao sijawahi kuuona kwenye sahani yangu tangu niajiriwe, halafu akageuka kufuta macho. Wengine wanasema nakwenda ng'ambo. Wengine wanasema nimechukuliwa na shirika kubwa. Mimi natabasamu na kusema bado mapema. Asiyesema hakosei.

Alasiri Profesa Ngao aliingia ofisini kwangu, akakaa juu ya ndoo ya udongo wa mfinyanzi, akafungua mdomo, akaufunga, akatoka bila neno. Wivu huo. Nimeufurahia sana.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeitwa na Mama Mkuu. Ndiye Mkuu wetu wa Kitivo, mama mpole mwenye macho ya kukuona hadi mfukoni. Akaniuliza kama haya anayoyasikia ni kweli. Nikasema mambo yote yamo mikononi mwa Mungu. Akasema ni sawa, lakini mikononi mwake yeye hakijafika kitu, si barua wala kipande cha karatasi. Nikasema iko njiani.

Akanitazama juu ya miwani. Nikahesabu vigae vya sakafu. Mwishowe akasema haya, mhadhara wa mwisho ni wangu, nijiandae vizuri. Nikashuka ngazi mbili mbili, mtu wa umri wangu.

Jumapili, 9 Novemba

Mama Watoto amerudi sokoni amenuna. Amekutana na Redio kwenye viazi, akapewa hongera na pole kwa mpigo mmoja. Akataka kujua nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote. Akauliza, sasa wananiaga kwa nini? Nikamweleza kwamba ni jambo la kitaaluma, lina undani wake.

Akaweka kapu chini. Akasema, Baba Watoto, umeanza tena. Akanikumbusha mwaka nilipojifunga bandeji mguuni nisamehewe vipindi vya shambani, nikasamehewa, halafu nikaonekana nacheza mpira. Nikamwambia hayo yalikuwa ya ujana. Akasema ilikuwa mwaka juzi.

Jumatatu, 10 Novemba

Balaa! Nimemkuta Profesa Ngao ofisini kwangu ana futi ya fundi, anapima ukuta. Aliponiona akaificha mgongoni na kusema eti alikuwa anapita tu. Mtu anapitaje ndani ya ofisi ya mwenzake na futi mkononi?

Anakitaka chumba changu. Chumba chenye dirisha la asubuhi, jua linaingia moja kwa moja kwenye trei, sampuli zinakauka kabla ya saa sita. Hakuna kingine kama hiki jengo zima. Na si chumba tu. Redio kanidokeza kwamba kuna kijana mwenye shahada mpya ameshaulizia nafasi yangu, na Mama Mkuu kamjibu, tutaona.

Tutaona! Nilitaka makofi, sikutaka kufutwa kazi. Nikakimbia kwa Redio kukanusha. Nikamkuta yuko juu ya kiti anatundika kitambaa kirefu chenye jina langu kwa herufi kubwa, kila herufi na rangi yake. Herufi tatu kazishona mwenyewe. Akaniuliza kama limenyooka. Nikasema limenyooka.

Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepata dawa! Nikiombwa nibaki, nitabaki. Mtu akibembelezwa na umma atafanyaje? Kinachotakiwa ni mbembelezaji wa kuanzisha.

Nikamwita kiongozi wa darasa la mwaka wa kwanza, binti mwenye sauti ya kengele. Nikamwelekeza: nikimaliza mhadhara, asimame, alie kidogo, aseme, mwalimu usituache. Wengine watadakia. Akafikiri, akasema atafanya, ila jaribio la Jumatatu liahirishwe. Nimeliahirisha. Kwa kweli nilikuwa sijalitunga.

Mama Watoto anapiga pasi gauni lake la harusi za watu. Kasema anakuja, si kwa heshima yangu, bali haya ya kusimuliwa hayatoshi, anataka kuona mwenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika nimeshiba, maana nimekula keki vipande vinne.

Ukumbi ulifurika. Madirishani watu! Mlinzi kapokea cheti chake na mbuzi mwenyewe kaletwa ashuhudie. Mpishi kapigiwa vigelegele. Profesa Ngao kapewa ngao mbili, akaziweka chini ya kiti kama mtu asiye na habari nazo. Mama Watoto alikaa meza kuu. Kila aliyemuuliza tunahamia wapi alijibiwa, muulizeni mwenye safari.

Kisha Profesa Ngao akaitwa kuniaga. Nikajiandaa kusikia unafiki. Akasema alipoanza kazi hapa mbegu zake hazikuota misimu miwili, na alikuwa ameshafunga virago arudi kwao. Ndipo jirani yake mmoja akamgongea mlango, akamletea ndoo ya udongo, akamwambia mbegu haina kosa, ni shamba. Zikaota. Akasema kila ngao iliyo ukutani kwake nusu yake ni ya ndoo ile, na kwamba huigongelea ukuta wa upande wangu makusudi, ili na mimi nisikie. Halafu akaeleza habari ya ile futi. Fundi anatengeneza rafu ya mbao, ukuta mzima, mitungi yangu isije ikatupwa nikishaondoka, na chumba kiitwe Chumba cha Udongo daima. Halafu akakaa.

Nilikuwa nimeisahau kabisa ile ndoo. Nimeona haya, nasema kweli. Nilitamani sakafu ifunguke, na hata hivyo nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Sijui vinakaaje pamoja.

Nikapanda jukwaani. Nilikuwa na hotuba ya machozi mfukoni. Lakini niliona nyuso zile zote, watu wamenyamaza, wananisubiri mimi, nikaisahau. Nikatoa donge la udongo. Nikalivunja, nikagawa, kila mstari punje zake, nikawaambia wanuse, wasugue kwa vidole, waniambie mvua ya mwisho ilinyesha lini. Mpishi akapatia! Mama Mkuu kachafua gauni na hakujali. Nikafundisha kama sijawahi kufundisha. Nikasahau sherehe, nikasahau keki, nikasahau kwamba naondoka.

Hapo ndipo penye mkosi. Nikaangalia saa. Nikafuta ubao. Nikasema tuishie hapo, wiki ijayo tunaendelea na mfinyanzi, kila mtu aje na kopo la udongo wa nyumbani kwao.

Mbuzi peke yake ndiye aliyelia.

Mama Watoto akajifunika uso na kiganja. Huko nyuma mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza, kopo liwe kubwa au dogo?

Mama Mkuu akainuka polepole. Akauliza, wiki ijayo mwalimu atakuwa wapi?

Nikamtafuta kiongozi wa darasa. Huyo hapo, analia. Lakini analia kweli! Kajiziba uso na mtandio, kwikwi zimemshika, neno hata moja halitoki. Nikajua nimebaki peke yangu. Nikashika meza. Nikasema moyo umenishinda, sikujua kama nina watu, nami nimeamua kubaki, sasa hivi, hapa hapa.

Niliyasema ili nijiokoe. Nilipoyasikia masikioni mwangu, yalikuwa kweli.

Yakaja makofi. Makofi yenyewe! Madirisha yalitikisika. Profesa Ngao alirukia jukwaani akaninyanyua, na mimi si mtu mwepesi. Redio akapanda juu ya kiti akaanza kufumua jina langu kwenye kitambaa, akasita, akasema liachwe tu.

Vurugu ilipotulia Mama Mkuu akashika kipaza sauti. Akasema alijua tangu mwanzo, maana hakuna karatasi iliyomfikia, na yule kijana alikuwa ameshajibiwa kwamba nafasi hakuna. Lakini keki ilikuwa imeagizwa. Na alikuwa na hamu ya kusikia watu watasema nini wakidhani wanachelewa kusema. Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka na mimi, mtu angefanya nini?

Zawadi nimepewa vilevile: sanduku la safari, jekundu, lenye magurudumu. Redio kasema duka halirudishi pesa. Njiani Mama Watoto alicheka mpaka akalilaza kando ya barabara akalikalia. Halafu akasema nilifundisha vizuri. Hajawahi kuniambia hivyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Fundi kafunga rafu. Hakuambiwa kwamba nimebaki. Imechukua ukuta wote na kipande cha mlango. Naingia ubavu ubavu. Ni rafu nzuri sana.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilidhani darasa litarudi kuwa la njiwa. Kumbe! Makopo kila mahali. Udongo mwekundu, mweusi, wa kichanga, wa ziwani, mmoja bado una nyungunyungu. Mpishi kaja na aproni. Mlinzi kaja na udongo wa lango la nyuma, kasema kwake ndiko huko. Profesa Ngao kakaa mbele na kopo lake magotini, kaja na daftari jipya. Hakuna aliyekosekana. Nilipomaliza wakapiga makofi bila kuombwa, na hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

Basi nimepata nilichokitaka, tena kwa mafungu. Mtu mwenye akili angetosheka.

Baada ya kipindi nikapita kwa Redio kumshukuru. Alikuwa anaandika tangazo lingine. Mhadhiri wa ufugaji wa kuku anarudi mwezi wa kwanza baada ya mwaka mzima masomoni, na anayerudi, akanikumbusha, hupokelewa langoni. Kitivo kizima! Wamejipanga pande mbili, shada la maua shingoni, kwaya ya wanafunzi, na Mama Mkuu mwenyewe humbebea begi.

Nimewaza sana. Kuagwa nimeshaagwa, tena vizuri. Kupokelewa bado. Na mtu hawezi kurudi kama hajaondoka, hata kidogo, hata hapo mji wa pili. Sanduku ninalo.

Nikashusha pumzi ndefu. Nikatazama nje. Nikasema, mti haukui bila kutolewa kitaluni.

Ni hilo tu nililosema. Nikiwa sijafika hata kwenye ngazi nikamsikia Redio anainua simu.