Gurudumu la Mkokoteni wa Nzomo

Jumatatu, 9 Desemba 1974
Itangazwe Voi nzima: leo saa nne asubuhi Crispus Mwandawiro, fundi wa baiskeli, yaani mimi, amenunua mandazi mawili. Lakini habari si mandazi. Habari ni karatasi iliyoyafunga, imechanwa kwenye kitabu cha Kizungu. Picha: baiskeli ya enzi za Malkia Victoria. Gurudumu la mbele linafika kifuani, la nyuma kama sahani! Mwalimu Zephaniah akanisomea. Haina cheni. Ukikanyaga mara moja umemaliza hatua tano. Sehemu inayoeleza jinsi ya kushuka imeliwa na mafuta ya mandazi. Haidhuru. Kupanda ndiyo kazi.

Na nina haja nayo. Bwana Gibson wa shamba la mkonge amesema fundi atakayeshinda mbio za baiskeli za Sikukuu ya Jamhuri atapewa baiskeli thelathini za manyapara, azitunze mwaka mzima. Akishinda Musyimi, yule fundi wa ng'ambo ya barabara aliyekwisha kubeba wateja wangu, nafunga kibanda. Nahamia kwa mama mkwe, huko kijijini Mghange, kulima kabichi. Mimi!

Jumatano, 11 Desemba
Gurudumu moja la mkokoteni wa jirani yangu Nzomo, nililoazima, limekubali kukaa mbele. Pedeli zimekubali. Musyimi akavuka barabara kuuliza kama hii ni baiskeli au ngazi ya kupaka kanisa chokaa. Nikamwambia acheke leo, kesho si yake. Mke wangu Wakesho akauliza, Baba Mable, breki iko wapi? Nikamjibu mshindi hana haja ya breki. Akaenda kukunja nguo. Za kuhamia Mghange.

Alhamisi, 12 Desemba, saa mbili asubuhi
Sheria imesomwa: mshindi ni wa kwanza kushuka na kumpa Bwana Gibson mkono. Naenda.

Jioni. Nimewaambia watu ni upepo.

Ijumaa, 13 Desemba
Haukuwa upepo. Niliongoza njia nzima. Vigelegele! Nikafika uwanjani kwenye meza ya zawadi, nikanyoosha mkono. Bwana Gibson akanyoosha wake. Nikampita. Pedeli zinazunguka zenyewe, miguu yangu abiria tu. Nikazunguka uwanja, nikanyoosha tena. Nikampita tena. Raundi ya tatu Musyimi alikuwa ameshafika, ameshashuka, ameshapewa mkono. Ndiye aliyekuja mbio akalikumbatia gurudumu, tukaingia sote kwenye michongoma.

Akinichomoa miiba akasema, mzee, chukua kumi kati ya zile thelathini, mradi kila moja irudi na magurudumu yanayolingana. Nikaapa. Wakesho amekunjua nguo.

Asubuhi hii nimegeuza ile karatasi. Nyuma kuna picha ya baiskeli nyingine ya wakati uleule: gurudumu moja tu, mpandaji anakaa ndani. Ndani! Utaangukaje kutoka kwa kitu kilichokuzunguka?

Na mkokoteni wa Nzomo bado una gurudumu moja.