Mate ya Babu Ambrus

Jumatatu, 4 Septemba

Ushindi wa kihistoria. Chama cha Wanafunzi wa Uzao wa Kikumani kimepitisha hoja yangu: kila anayewania ukapteni wa chama apeleke mate maabara kupimwa nasaba, na asili yake isomwe hadharani. Nilisimama juu ya kiti. Nilisema mababu zetu Wakumani walikuja kwa farasi kutoka nyika za mashariki, Wamongolia wakiwapumulia kisogoni, hadi mfalme wa Hungaria alipowapa uwanda huu. Je, karne nane baadaye tuongozwe na mpinzani wangu Hedvig Stuller, ambaye jina lake tu lanuka Ujerumani? Hedvig akajibu kwamba atatema bila shida. Akauliza kama kiti nacho ni cha Kikumani.

Jumanne, 5 Septemba

Nimelitafakari jambo hili kisomi. Mate yangu yako mbali mno na mababu. Ya Babu Ambrus yamewakaribia kwa vizazi viwili. Nikaenda kwake Karcag, nikamtemesha katika kichupa, nikidai ni uchunguzi wa meno. Akauliza meno yapi, maana yake yamo kwenye glasi jikoni. Juu ya kichupa nimeandika jina langu: Keve Nánási.

Alhamisi, 28 Septemba

Majibu yamesomwa mbele ya watu sitini. Hedvig: kwa upande wa mama, chembe halisi ya nyika. Mimi: nyika, sifuri. Asili yangu ni bonde la mto Rhine, yamkini wale wageni walioalikwa na wafalme wetu katika karne ya kumi na mbili. Nilitangaza kuwa maabara ni kibaraka. Hedvig akasema, kwa upole wa kuudhi, "Pole, ndugu Mjerumani."

Ikanibidi kukiri kwa Babu kwenye simu. "We mtoto, miaka themanini na moja nimekuwa Mkumani, leo umenivua kwa mate yangu mwenyewe?" Akakata.

Jumamosi, 30 Septemba

Kilichobaki ni kura. Kwetu hupigwa kwa bakuli: kila mgombea hupika kondoo, na mpiga kura hupanga foleni kwenye sufuria ya amtakaye. Babu alikuwa amekubali kunisimamia katika mapishi. Badala yake alikwenda kukaa na Hedvig, akamwonyesha namna ya kuishika sufuria na kuizungusha, kwa kuwa mchuzi wetu haukorogwi kamwe.

Nalijua hilo. Lakini nilikuwa nahutubia, hotuba hudai mkono, na mkono ulikuwa na mwiko. Kila nilipotamka "ukombozi" nilikoroga. Kufikia adhuhuri kichwa cha kondoo kilikuwa uji wenye mifupa. Hedvig: bakuli hamsini na tisa. Mimi: moja, na foleni hiyo niliipanga mwenyewe.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimejiunga na Chama cha Wazao wa Wageni wa Rhine. Wanachama kumi na moja, wazee wapole, hawana kapteni. Nimewaandikia kwamba sisi tulifika karne nzima kabla ya wachunga farasi hawa, na nimependekeza kila mgombea apimwe mate. Ya Babu hayapatikani tena. Lakini shangazi Etelka ana mafua, na leso yake ninayo mfukoni.