Tano ya Mwamba

Jumatatu, 6 Machi 2023. Kindu.
«Hakuna anayemjua mwanafunzi kuliko mwanafunzi mwenyewe.» Ndivyo alivyoandika Mwamba, mwalimu mwenzangu, akitetea fomu zake: kila mwanafunzi ajipe alama, moja mpaka tano, kwa namna anavyoishi na watu. Upuuzi! Hata mwizi atajipa tano. Njia yangu ni nyingine: mwanafunzi atazamwe akiwa kati ya watu, basi. Ijumaa kamati ya chuo itachagua njia moja. Mwamba anaumwa; ameniita mara mbili. Nitakwenda nikishamshinda.

Jumanne, 7 Machi.
Mwamba amefariki alfajiri. Mwaka 2002, mji umezingirwa, chumvi hakuna, yeye ndiye aliyenigawia yake, imefungwa kwenye jani. Nimelia sana. Kisha nikakumbuka: wanafunzi wote watakuja matangani.

Jumatano, 8 Machi.
Matangani kwa Mwamba, mtaa wa Kasuku. Nimekaa nyuma na daftari, nalinganisha fomu zao na vitendo vyao. Destin alijipa tano kwa huruma; alipofika tu akauliza chakula kinatoka saa ngapi. Déborah alijipa mbili. Tangu jana anasugua masufuria, hakuna aliyemtuma. Fomu zimeanguka! Nimejaza kurasa sita.
Mjane, mama Adolphine, akaja kusimama mbele yangu. Nikadhani anataka kiti.
«Papa Florentin, watu wote walinipa mukono wa pole. Weye unaandika tu.»
Akaniachia bahasha. Kumbe marehemu alikuwa akijaribu njia ya tatu, walimu wapimane wao kwa wao. Ndani, fomu yangu, kwa mwandiko wake, ya wiki jana. Anasikiliza: moja. Anakubali kosa: moja. Ukimwita, anakuja: tano.

Ijumaa, 10 Machi.
Nimesoma kurasa zote sita mbele ya kamati. Nikawaonyesha na fomu ya Mwamba: tano, kwa mtu ambaye hakwenda! Mnataka ushahidi gani tena? Hapo sauti ikakatika. Wakaniletea maji, wakaahirisha.
Haya, nawaandikia. Wajumbe wa kamati, futeni fomu zote, za wanafunzi na za walimu. Ila ile ya Mwamba iliyobaki mezani kwenu, nirudishieni leo. Na amueni haraka: mama Adolphine bado anangoja mkono wangu, nami siwezi kwenda pale kabla sijashinda.