Maktaba Tatu na Maji ya Salale

Jumatatu, 6 Oktoba 2003
Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Bi Zuena, mkuu wa mradi wetu wa kamba, wale wa baharini, hapa Kibiti, ndiye atakayeamua kama nabaki. Anataka nikokotoe lini maji ya bahari yatajaa kijijini Salale, boti yake isikwame akienda huko Ijumaa. Nimemweleza habari za Haskell, lugha ya programu ambamo kila kitu ni fanksheni, yaani kanuni ya hesabu, na namba haikugeuki. Maktaba zake za hesabu, yaani mikusanyo ya kanuni zilizokwisha kuandikwa, za bure, ninazo tatu kwenye CD. Nitazilinganisha nichague moja. Mfaume, karani mwenzangu, ameuliza kama zinaazimisha na akili. Ofisi nzima imecheka. Nami nimecheka, kwa tahadhari.

Jumanne, 7 Oktoba
Ya kwanza kubwa, nzito. Kuiweka tu kwenye kompyuta kumekula asubuhi na dizeli ya jenereta. Ya pili kali: nikichanganya namba kamili na desimali, inanikaripia ukurasa mzima. Nimejikuta naiomba radhi. Ya tatu nyepesi, ila maelezo yake ni aya moja, inayosema maelezo yanakuja.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimezilisha zote vipimo vya maji, pamoja na saa zake, walivyoandika wavuvi wa Salale. Balaa. Jibu moja, hadi desimali ya nane: Ijumaa, saa 10. Sasa nachaguaje? Nimeipa ushindi ile kali, nikiiogopa. Saa 10 ya kompyuta ni saa nne asubuhi yetu, nikamwambia Bi Zuena afike saa hiyo. Mfaume akauliza nina hakika. Nikamjibu ninazo hakika tatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Boti imekwama topeni saa nne. Nimefunga begi.
Magharibi Bi Zuena karudi, matope magotini, anacheka. Eti akina mama wa Salale, ambao hawakuwahi kumsemesha, walimhurumia wakampelekea wali na kaa wa nazi botini. Wamepiga soga mpaka maji yakajaa, saa kumi alasiri. Wamekubali kujiunga na mradi. Akaniuliza: Badru mwanangu, wavuvi wetu waandike saa za Kizungu, wana wazimu? Kisha akasema nifungue begi. Kazi ninayo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona: nililinganisha maktaba tatu tu. Nimeagiza ya nne. Nimempa Bi Zuena na saa ya safari ijayo. Ameuliza hiyo ni saa ya nani. Nimemtoa wasiwasi: maktaba zote zinakubaliana.