Maji ya Mama Yaenda Kisumu

Jumatatu, 6 Juni 1994. Dutwa.

Habari kubwa! Nakwenda nchi ya nje. Bwana Constantine, mzaliwa wa Nassa ambaye sasa ni mkubwa wa kampuni ya kununua pamba kule Mwanza, ananipeleka Kisumu nikaone kiwanda cha kuchambua pamba. Tukirudi atachagua wakala wa Dutwa. Mizani mpya. Ofisi yenye mlango unaofungika. Kofia ya kampuni!

Dosari ni moja. Anampeleka na Fabian, na wakala ni mmoja tu.

Fabian alikuwa mpimaji wa chama chetu cha ushirika, mimi karani. Miaka kumi na moja. Sasa biashara ni huria, ghala limefungwa na popo wamehamia. Leo nimechungulia kwenye tundu la mlango. Harufu ya magunia bado ipo. Nimesimama pale muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mzima.

Fabian simwogopi. Naogopa tumbo. Mwaka 1988 nilipelekwa semina Shinyanga, nikaimaliza chooni. Hiyo ilikuwa Shinyanga, mkoa wangu mwenyewe. Kisumu itakuwaje? Lazima nipange.

Jumatano, 8 Juni.

Nimepata! Nitabeba maji ya nyumbani.

Ndivyo mama alivyofanya enzi zake. Kila nilipokuwa nasafiri, alinipa kibuyu cha maji ya kisima chake, kile cha kuchimba mchangani mtoni. Nilikwenda Mwanza, Tabora, hata Dar es Salaam. Sikuwahi kuumwa hata mara moja. Maji yale yalikuwa na harufu ya moshi kidogo, na nikiyanywa popote nilikuwa niko kwetu. Mama alifariki mwaka 1987. Semina ya Shinyanga ilikuwa mwaka uliofuata. Hesabu inajieleza yenyewe.

Nimekitoa kibuyu darini, nimekikung'uta buibui, nimekisuuza mara moja. Kisha mtoni. Kisima kilikuwa kimefukiwa, nikakichimbua kwa mikono. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamesimama mtoni, juu kidogo ya hapo, wakinywa na kufanya mengine. Maji yametoka meupe kama ya kuoshea mchele. Yale yale!

Mke wangu Maximiliana akasema niyachemshe. Akasema pia nibebe pakiti za dawa ya kuharisha kutoka zahanati. Nikamwambia maji ya kuchemsha ni ya wagonjwa, na kwamba maji ya mama hayajawahi kumkosea mtu heshima. Alitaka kusema jambo, akaniangalia, akarudi kwenye mboga zake.

Ijumaa, 10 Juni. Njiani.

Tuliondoka alfajiri na gari la Bwana Constantine, kupitia Lamadi. Kibuyu nimekipakata. Fabian ana chupa ya chai na kipande cha sabuni kwenye karatasi. Sabuni! Kila tukisimama kula ananawa mpaka viwiko. Alichagua samaki aliyetoka motoni, ugali unaofuka, na ndizi aliyoimenya mwenyewe. Kachumbari akaikataa. Nilimwonea huruma. Kuvuka mpaka halafu uishi kama mgonjwa!

Mimi nilinunua nyanya sita, nikaziosha kwa maji ya mama. Usalama kamili.

Kule Sirari, mpakani, ofisa alitaka kujua kibuyu kina nini. Nikasema maji. Akanusa, akasema maji hayanuki hivyo, hii ni pombe. Akaniamuru ninywe mbele yake. Nikanywa kikombe kizima, kifua mbele. Akatupitisha haraka sana.

Harufu ya moshi sikuisikia. Labda ni pua, kwa sababu ya vumbi.

Jumamosi, 11 Juni. Kisumu.

Kiwanda kikubwa. Kelele. Fabian aliuliza maswali kumi na mawili. Mimi nilitikisa kichwa kwa hekima.

Lakini jioni! Tulikuwa tumekaa kibarazani kwenye nyumba ya wageni. Bwana Constantine akakiona kibuyu, akauliza. Nikamweleza habari za mama. Akakipokea mikononi. Halafu akaanza kusema Kisukuma, yeye ambaye tangu Lamadi alikuwa akizungumza Kiswahili cha ofisini. Akasimulia kibuyu cha bibi yake, jinsi watoto walivyokuwa wakigombania funda la mwisho baada ya kuvuna pamba. Akaomba kikombe. Akanywa macho yamefumbwa. Akaomba cha pili.

"Ngassa," akaniambia, "nina miaka kumi na tisa sijanywa kwenye kibuyu. Umenirudisha Nassa."

Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia, nakiri. Tukakumbuka malori ya ushirika yakiwa yamejaa mpaka juu, wanawake wakiimba wakati wa kushindilia magunia, sikukuu baada ya malipo ya pili ya pamba. Siku zile hazirudi. Inauma.

Fabian naye akakaribishwa. Akasema ashakunywa chai, asante sana. Mtu asiye na kumbukumbu! Nikaingia kulala nikiwa wakala. Kilichobaki ni kofia.

Jumapili, 12 Juni. Kisumu, choo.

Msiba.

Nyumba ya wageni ina choo kimoja. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kilitafutwa na watu wawili, mimi na Bwana Constantine. Kwa adabu nilimpisha mara tatu. Mara ya nne adabu iliniishia. Aligonga mlango, nikasikia akiniita kwa jina langu na la baba yangu.

Fabian akaingia jikoni kwa mwenye nyumba, akachemsha maji mpaka yakatokota, akayapoza. Lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akatupa kidogo kidogo, tukitapika anasubiri kidogo, anaanza tena. Nilikuwa na vidonge vya kufunga tumbo nilivyouziwa kibandani bila boksi. Akaninyang'anya. Akasema damu ikionekana au homa ikipanda tunakwenda hospitali, hakuna mjadala. Uji mwepesi saa nane. Mikono kwa sabuni, kila mmoja, kila mara. Akaenda kumwaga maji ya kibuyu bila hata kuniuliza. Nilimsikia akimwaga na nikaumia moyo.

Bwana Constantine alikuwa amemshika Fabian mkono. Mimi nilikuwa chini, mkekani, sijashikwa na mtu.

Nafikiri ni hewa. Hewa ya nje ni nzito.

Jumanne, 14 Juni. Dutwa.

Tumerudi tumekonda. Mbele ya ghala la zamani Bwana Constantine alisimamisha gari. Akanisalimu vizuri kwa Kisukuma, mwadila, akaulizia nyumbani. Halafu akasema:

"Sina kinyongo, Ngassa. Jioni ile sitaisahau. Lakini mizani nampa aliyechemsha maji."

Fabian akavaa kofia palepale. Inambana, lakini hakuonyesha. Ghala watalifungua ili liwe ofisi yake. Popo watafukuzwa. Nilikuwa nimezoea kuwachungulia.

Alhamisi, 16 Juni.

Leo nimemwambia Maximiliana kwamba Kenya imeharibu maji ya mama. Akaweka mwiko chini. Akasema amevumilia vya kutosha.

"Baba Winnie, mama yako alikuwa anayachemsha. Kila ukitaka kusafiri aliyabandika jioni, yakapoa mpaka asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kibuyu akimimina."

Nikauliza mbona mama hakuniambia. Akasema mama aliogopa nikijua nitakataa kuyanywa, kwa sababu tangu mdogo nilikuwa nikisema maji ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Akamwapisha yeye, mkwewe, anyamaze. Kumbe ile harufu ya moshi ilikuwa ya moto wake.

Nimekwenda kukaa kwenye mafiga yake ya zamani, nyuma ya nyumba. Nimelia kidogo. Alikuwa akichelewa kulala kuliko mimi, kila safari, na mimi nikabeba tu na kuondoka. Sikuwahi kumshukuru kwa lile moja alilonifanyia kwa siri. Mama yangu!

Baadaye nikafuta macho na kufikiri kama mwanamume. Sasa nimeelewa kosa langu liko wapi. Ni moshi! Maji ya mama yalikuwa na moshi, yangu hayakuwa nao. Kitu kidogo hivyo, nami nimekosa uwakala.

Fabian anakwenda Kampala mwezi ujao na atahitaji msaidizi. Nimemwandikia barua ya maombi. Kibuyu nimekining'iniza juu ya moto tangu asubuhi, kifukizwe wiki nzima. Maji nitayachota siku ya mwisho, mabichi kabisa, ladha isipotee. Na safari hii hata Fabian atakunywa.