Chapati Haikukaliwa

"Sikizeni huu upuzi," Lenox akasema, akilikung'uta gazeti la asubuhi ambalo kwao ofisini humfikia jioni, bosi akishalimaliza. "Kuna daktari huko Spring Valley anatibu tabia. Hapigi, hafokei. Mtoto akitii, anachorewa nyota kwa kalenda. Nyota zikifika tano, anapewa zawadi."

"Nyota!" Ogutu akacheka mpaka chai ikammwagikia gotini. "Mimi babangu alinichorea nyota mgongoni. Na mshipi!"

Hapo ni Adams Arcade, Nairobi, nyuma ya maduka, kwenye benchi ya Phoebe muuza chai, mwaka wa 2005, mwezi wa nne, mvua imetoka kunyesha. Lenox, karani wa ofisi ya mjini, biro haimtoki sikioni, na jina lake hapo ni Gazeti. Ogutu, fundi wa mabomba, wanamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali jambo tangu azaliwe. Wa tatu ni Jamleck, fundi viatu, ambaye ni Meya, maana hiyo benchi anaiongoza kama mji wake na huwa habanduki hapo. Lakini Ijumaa hiyo Meya hakuwa akicheka. Mkono ulikuwa ndani ya koti, umeshika kitu.

"Endelea kusoma," akasema.

"Ai, Meya! Na huna hata mtoto!"

"Gazeti, si nimesema usome?"

Lenox akamtazama, akasoma. "Ati mtoto akikosea usimgombeze. Mnyamazie, jifanye humwoni. Zile kelele zako yeye huziona kama peremende. Ukinyamaza, tabia inakufa yenyewe."

"Dawa ya matajiri hiyo," Ogutu akasonya. "Huko Loresho mtoto akirusha sahani ukutani, wanamwita daktari. Kwetu ukirusha sahani, utakula kwa kifuniko mpaka uoe."

Jamleck akatoa ule mkono. Ulikuwa umeshika ukurasa wa kalenda ya buchari, umekunjwa mara nne.

"Mimi leo nilikuwa nimeamua nikifika nyumbani, Wangui afunge virago."

Ogutu akaweka kikombe chini.

"Zamani nikichelewa alikuwa ananigombeza mpaka majirani wanapunguza redio wasikie vizuri. Tangu huu mwezi uanze, kimya! Naingia saa tatu, ananiwekea githeri ya jana, mahindi na maharagwe yamepoa, basi, anaongea na redio. Halafu naona anachora hizi nyota. Tarehe nne, nane, kumi na moja, na jana, kumi na nne. Hii ya jana hata haionekani vizuri, imekwaruzwa tu, nikasema alikuwa na haraka. Nikajua ana mwanaume mwingine, na hizi ndizo siku zake. Miaka tisa, jamani! Nimeishi na huyu mama miaka tisa!" Aliona aibu kulia mbele ya mandazi, lakini machozi hayakuuliza.

Phoebe akapangusa mikono kwa leso, akaichukua kalenda. "Meya, Wangui anafua wapi siku hizi?"

"Spring Valley. Kwa mama mmoja ana kijana mtundu sana."

Gazeti likashuka polepole mapajani mwa Lenox.

"Tarehe nne," Phoebe akasema, "ilinyesha ile ya kufukuza watu. Ukaenda mapema. Ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nane, jiko langu lilizima. Kumi na moja ulikuwa unaumwa na jino. Jana viatu havikuletwa. Hizo siku ulikula nini?"

Jamleck akafikiria. Akafikiria tena. "Chapati," akasema, kwa sauti ndogo.

Basi benchi nzima ilipasuka kwa kicheko! Ogutu alishuka chini, akapiga matope kwa kiganja. "Meya amechorewa nyota! Mzima hivyo, na ndevu! Buda, umekaliwa chapati!"

Hapo Nairobi mwanaume akianza kumtii mkewe ndivyo wanavyosema, yaani mke aliikalia ile chapati kwanza, ndipo akampa.

"Haikukaliwa," Lenox akasema, kidole kikiwa kwenye gazeti. "Hii ni sayansi, Wakili. Ukifanya vizuri, chapo. Ukifanya vibaya, kimya na githeri."

"Wacheni uongo!" Jamleck akaruka. "Juzi nilifika saa mbili, nikapewa githeri! Na ile ya kwanza nilifika saa hiyo hiyo nikapata chapo!"

"Bei imepanda," Lenox akamjibu. "Imeandikwa hapa. Unaanza na kidogo, halafu unaongeza. Jana ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili unusu."

"Si unaona? Umefunzwa na hujui. Sasa una nne. Ya tano zawadi ni nini?"

Jamleck akashika kichwa. "Asubuhi nimeona kuku amefungwa miguu chini ya meza. Nikasema, ati huyo jamaa ananunuliwa mpaka kuku!"

"Usiende!" Ogutu akanguruma. "Ukienda saa hii umeisha. Leo kuku, kesho unaosha vyombo. Mwanaume hakai akifunzwa kama mbwa wa polisi! Niangalie mimi. Nani amewahi kunifunza? Mimi nakaa hapa mpaka nitosheke."

"Na wewe unangojanga nini hapa mpaka usiku?" Jamleck akamuuliza.

"Soga."

Lakini macho ya Wakili yalikuwa kwenye ndoo ya mandazi. Ya Lenox pia. Kila jioni kabla ya kufunga, Phoebe hutoa mandazi moja ya bure kwa mmoja wao, na hakuna ajuaye itaangukia nani. Lenox, kwa aibu, akasoma mstari wa mwisho wa habari ile: zawadi isiyojulikana siku yake ndiyo hufunga mtu zaidi. Phoebe akapata shughuli ya ghafla na majivu ya jiko.

"Phoebe!" Ogutu akasema. "Wewe pia?"

"Mimi nauza chai tu," Phoebe akajibu, akafunua ndoo mapema. "Leo ni ya Meya."

Jamleck alikuwa ameingojea wiki tatu. Ilikuwa ya moto, imevimba vizuri. Aliitazama, akatazama anga, akaikunja kalenda kwa uangalifu kuliko alivyoikunja asubuhi, akasimama.

"Mpe Wakili," akasema. "Gazeti, nipatie hiyo biro yako."

"Ya nini?"

"Ya Wangui imeisha wino."