Gari Lisilolazimika Kusimama

Watu walimwita Kifungu kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja kifungu cha sheria. Kifungu cha ngapi, cha sheria ipi, hakuna aliyewahi kuuliza, na hapo ndipo ilipokuwa riziki yake. Chuo cha sheria alikiingia mara moja tu, siku aliyopeleka viti. Lakini alikuwa na suti moja ya kijivu, mkoba wa ngozi usio na kitu ndani, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji.

Ofisi yake ilikuwa benchi la mbele kwenye kibanda cha chai, mkabala na mizani ya barabara kuu. Malori yalipanga foleni pale tangu alfajiri, kila moja likisubiri kupanda kwenye bamba la chuma na kuumbuliwa. Dereva aliyezidisha uzito alitoka kwa maafisa kavimba mashavu. Kifungu alimwita pembeni, akamweleza haki zake, akamla hela ya chakula, na dereva akaondoka na uzito uleule ila mfuko mwepesi.

Asubuhi moja, akiwa anapuliza chai, aliona gari jeupe, refu kama basi, lenye mapazia ya maua madirishani na baiskeli imefungwa nyuma. Likaipita foleni yote, likaipita na mizani yenyewe, likaenda zake. Hakuna filimbi iliyolia. Mlinzi wa geti hata alipunga mkono.

"Shemeji," Kifungu alimwita mlinzi. Hawakuoleana popote, ila Kifungu alikuwa na shemeji katika kila ofisi. "Lile mbona halipimwi? Si lina uzito kuliko lori la mchanga?"

"Lile ni gari-nyumba. Kitanda, jiko, choo, vyote vimo ndani. Ni la mtu binafsi, la matembezi. Mizani ni ya wanaobeba mizigo ya biashara. Yule halazimiki kusimama, labda afisa amtilie shaka."

"Na nani atamtilia shaka mwenye mapazia ya maua?"

Mlinzi alicheka. "Sijamwona bado."

Kifungu aliweka kikombe chini. Kuna watu hupata wito wa dini, wengine wito wa uganga. Yeye alipata wake pale pale, chai ikiwa nusu, na akaondoka bila kulipa kwa kuwa mtu aliyeitwa hacheleweshwi na mambo madogo.

Mtu wa kwanza aliyemwendea alikuwa mfanyabiashara wa nyaya za shaba, mwenye ghala nyuma ya stendi na tumbo lililotangulia kila mlango. Tajiri huyu aliichukia mizani kuliko alivyomchukia mshindani wake. Mizani ilimpima, na baada ya kumpima ilimwomba karatasi, na karatasi za zile nyaya zilikuwa na historia ambayo haikupenda kusimuliwa mbele ya watu.

"Mkandarasi ananisubiri mji wa pili," Tajiri alilalamika. "Nyaya ninazo, lori ninalo. Ila pale mizani watanivua nguo."

"Kaka," Kifungu alisema, akivuta kiti bila kukaribishwa, "nani kakwambia nyaya lazima zisafiri kwa lori?"

"Zisafiri kwa punda?"

"Zisafiri matembezi. Zipumzike. Zilale kitandani, pazia limefungwa, na bibi kizee mbele anatazama mandhari." Akamweleza habari ya gari-nyumba, akapamba kwa vifungu vitatu, kimoja kikiwa na herufi ndogo ndani yake. "Gari la mtu binafsi la matembezi halisimami mizani. Hiyo ni sheria, si ujanja. Ujanja ni kuijua."

Tajiri alijikuna shingo. Tamaa ilimwingia polepole, kama maji ndani ya kiatu. "Na likikamatwa?"

"Utanidai mimi. Niko hapa hapa, sina pa kwenda."

Hakusema kweli yote. Alikuwa na pa kwenda: kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwenye njia ya vumbi inayochepuka mara tu baada ya mizani. Nyaya zingeishia kule. Tajiri angeambiwa kwamba maafisa wamezitaifisha, na angekwenda kushtaki wapi? Mtu aliyeibiwa alichokificha hulia kwa kufumba mdomo. Kifungu aliipenda hiyo hesabu, akamwomba Tajiri na kishika uchumba kidogo cha gharama za safari, akapewa.

Sasa likabaki gari. Alilikuta limeegeshwa uani mwa nyumba ya wageni, na mwenyewe kakaa kwenye ngazi ya mlango akichambua mchele kwenye sinia. Alikuwa mjane wa makamo ya juu, miwani mikubwa, kitambaa kichwani, sauti ya mtu anayesomea watoto hadithi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila kiti kimoja tu, nami nimekikalia."

Kifungu alibaki amesimama, akafungua mkoba wake usio na kitu, akauchungulia kwa huzuni, akaufunga. "Mama, nimekuja kwa wema. Sheria imebadilika. Magari kama hili lako sasa lazima yasimame mizani, yapimwe, yapewe kibali. Asiyesimama, gari linazuiwa. Nimeona mzee mmoja kanyang'anywa lake huku kavaa pajama."

Mjane aliacha kuchambua. "Masikini. Na hakuwa na wa kumtetea?"

"Hakuwa na mimi." Kifungu aliinamisha kichwa. "Nipe gari kwa siku moja tu, nilipeleke mwenyewe. Wewe pumzika."

"Hapana mwanangu. Hili gari ndiyo nyumba yangu. Marehemu mume wangu aliniachia hili na kikohozi chake. Popote linapokwenda naenda, na anayeendesha ni mimi."

Kifungu alifikiri kwa haraka, na kwa bahati yake mbaya alifikiri vizuri. Mama mtu mzima kwenye usukani alikuwa bora kuliko mapazia kumi. "Basi twende sote, mama. Ila jambo moja: sheria inataka gari lipimwe likiwa limejaa. Kwa hiyo tutapakia mzigo kidogo. Unaitwa uzito wa mfano."

"Uzito wa mfano," mjane alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. "Laiti marehemu angekuwepo alisikie hilo."

Siku ya pili walipakia ghalani. Mizingo ya nyaya iliingia chini ya kitanda, ndani ya kabati la nguo, kwenye choo, na mmoja mkubwa ukakaa mezani kama mgeni wa heshima. Springi zilinung'unika, gari likachuchumaa. Mjane hakuuliza swali. Alifuata nyuma ya wapakiaji na mablanketi, akifunika hapa, akichomekea pale, mpaka Tajiri mwenyewe akaguswa.

"Bibi huyu ni nani kwako?" alimnong'oneza Kifungu.

"Mama yangu mzazi."

"Aa. Ndiyo maana." Tajiri alimsogelea mjane, akainama kidogo, kadiri tumbo lilivyoruhusu. "Umemlea kijana vizuri, mama."

"Nimejitahidi," mjane alisema. "Alikuwa msumbufu, lakini."

Tajiri alitangulia kwa gari lake dogo akawasubiri kwenye kituo cha mafuta, mbele kabisa, kupita mizani na kupita ile njia ya vumbi. Kifungu na mjane wakafuata. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Mjane aliendesha kwa mikono miwili, akisalimia kila lori lililompita, na Kifungu akaegemea kiti, akaanza kuzigawa hela ambazo hazijafika: viatu kwanza, halafu mkoba mpya, wenye kitu ndani.

Mizani ikatokea mbele. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu. Njia ya pembeni ilikuwa wazi, na mlinzi alikuwa tayari ameinua mkono kupunga. Mjane akawasha taa ya kushoto, akaingia mizani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kusimama. Si ulisema lazima?"

"Nilisema, lakini..."

"Sitaki kunyang'anywa nyumba, mwanangu. Niwe au nisiwe na pajama."

Akaegesha nyuma ya lori la saruji, akazima injini, akashusha kioo. Afisa mmoja alikuja, kalamu sikioni, uso wa mtu aliyeamshwa. "Mama, haya magari hayasimami hapa. Endelea na safari."

"Mwanasheria wangu anasema yanasimama," mjane alijibu, akimwonyesha Kifungu kwa kidole.

Afisa akamtazama Kifungu. Mlinzi akasogea. Madereva watatu waliokuwa wamekaa kwenye kivuli cha tela nao wakanyanyuka. Miaka yote walikuwa wakiyaona magari ya starehe yakiwapita, na sasa moja limejileta lenyewe.

"Ni kweli," alisema dereva wa saruji. "Na wao wapimwe. Kwani mizigo yao haina kilo?"

"Wapande juu tuwaone," mwingine akaongeza.

Jasho lilimtoka Kifungu hadi kwenye soksi. Akisema gari linasimama, litapimwa, na litakapopimwa litafunguliwa. Akisema halisimami, mjane atajua kwamba alidanganywa. Uongo wake wa namna mbili, ambao hadi jana ulikuwa ukiishi mitaa tofauti, ulikuwa umekutana mlangoni na kila mmoja unadai kiti.

"Kimsingi yanasimama," alianza. "Ila kiutekelezaji..."

"Kwa kifungu gani?" afisa aliuliza. Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo maishani mwa Kifungu.

Mjane ndiye aliyemwokoa. Alimgusa mkono, kimama kabisa. "Mwanangu, hapa ni mizozo ya bure. Nenda ofisini ukamweleze mkubwa wao. Wewe ndiye unayejua kuongea. Akisema nipimwe, nitapanda. Akisema niende, nitakwenda. Mimi nataka tu nisiwe na kosa."

Kifungu angeweza kumbusu. Mkubwa mmoja, chumba kimoja, bila madereva wenye husuda: huo ulikuwa uwanja wake. Akashuka, akanyoosha suti, akaingia.

Msimamizi wa mizani alikuwa mtu mwembamba, mwenye kitabu kinene cha sheria mezani na hamu isiyoshibishwa ya mtu wa kujadiliana naye. Alimpa Kifungu kiti. Na Kifungu akasema. Alisema jinsi alivyokuwa hajawahi kusema, kwa sababu, kwa mara ya kwanza, alichokuwa akikisema kilikuwa kweli. Alieleza tofauti kati ya mali ya biashara na masufuria ya mtu. Aliuliza kama mjane akipika wali barabarani amekuwa mkahawa. Aliuliza kama dola inataka kupima vitanda vya raia. Msimamizi alipinga, akafunua kurasa, akapinga tena, akafurahi sana, mwishoe akakifunga kitabu.

"Umenishinda, ndugu," alisema. "Gari la matembezi la mtu binafsi halilazimiki kusimama mizani. Kumweka pale yule mama ni uonevu."

"Ni uonevu mkubwa," Kifungu alikubali, machozi yakimlengalenga.

Msimamizi alikwenda dirishani, akaita kwa sauti ya mamlaka: "Liachieni gari-nyumba, liende. Na mumwombe mama radhi."

Nje, afisa alimwomba mama radhi. Mlinzi alifungua kizuizi. Injini ikawaka. Kifungu alikuwa bado anapeana mkono na msimamizi, na kwa kuwa msimamizi alikuwa mtu wa kushika mkono sana, alishuhudia kupitia dirishani mapazia ya maua yakipita taratibu, halafu baiskeli, halafu vumbi.

Alitoka mbio. "Mbona kaondoka? Mimi nimebaki."

"Si mkubwa kasema aende?" mlinzi alimjibu. "Nashangaa hata alivyosimama. Yule mama anapita hapa miaka na miaka. Hii sheria alituuliza kabla wewe hujaanza kunywa chai pale ng'ambo."

Kifungu alikaa chini, juu ya suti yake. Hakukaa sana. Gari dogo lilikuja kwa kasi kutoka upande wa kituo cha mafuta, likafunga breki mbele yake, na Tajiri akashuka akihema.

"Pole sana. Mama yako kanisimulia."

"Kakusimulia nini?"

"Kwamba wamekushika, na yeye anawahi kwa mkandarasi kabla hawajamfuata. Nikampa na hela ya mafuta. Kasema nije nikutoe." Akaangaza huku na huku. "Mbona hujafungwa?"

Msimamizi alikuwa amewafuata nje, bado na joto la mjadala. "Nani afungwe? Huyu ndugu ni hazina. Na wewe bwana, ni nani?"

Tajiri alimtazama Kifungu. Kifungu aliitazama barabara. Mnunuzi wa vyuma chakavu angesubiri bure. Na mkandarasi pia, hilo Kifungu alilijua sasa kama alivyolijua jina lake.

"Mimi ni rafiki wa familia," Tajiri alisema kwa tahadhari. "Namtafuta mama yake mzazi, yule mwenye gari-nyumba. Kuna vitu... vya nyumbani."

"Hilo ni jepesi," msimamizi alisema. "Nitapiga simu mizani ya mbele, wamsimamishe kwa heshima. Ndugu, anaitwa nani mama yako mzazi?"

Madereva walikuwa wamesogea kusikiliza. Afisa alitoa kalamu sikioni. Kifungu alifungua mdomo. Uso wa Tajiri, ambao ulikuwa na huruma, ulianza kuuelewa ule ukimya, sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye paji.

"Kwa mujibu wa kifungu," Kifungu alisema, na hakuna aliyemsaidia kumalizia.